"Nimeshiba, Kuleni Ninyi": Je, Huo Ni Uongo?

Somo la wiki hii linaanza na neno moja ambalo wengi wetu tulilisikia tukiwa watoto, na wengine wetu tunalisema sasa sisi wenyewe. Neno lenyewe ni "nimeshiba". Siongei juu ya mtu aliyekula akashiba kweli. Naongea juu ya mama aliyepika ugali wa watu watatu na watu nyumbani ni watano. Anapakua, anasukuma sufuria kando, anasema, "Mimi nimeshiba, kuleni ninyi. Nilikula kule kazini."

Hakukula kule kazini. Sasa, amesema uongo au hajasema? Na kama amesema, Mungu anauandika kwa hesabu ya nani?

Najua kuna atakayesema, wacha mama wa watu, kwani hamna dhambi nyingine za kuhubiri? Lakini Neno halichezi na uongo. Ufunuo 21:8 inawapanga waongo wote pamoja na wauaji na waabudu sanamu. Augustino, yule askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, aliandika vitabu viwili vizima juu ya uongo, na msimamo wake ulikuwa kwamba hakuna uongo unaoruhusiwa, hata ule wa kuokoa maisha ya mtu. Kwa hiyo hatuwezi kulipita swali hili eti kwa sababu linatutoa machozi.

Kwanza tuone mambo yalivyo. Hapa Matinyani ni vigumu kupata boma ambalo halina mtu Nairobi. Wako Mukuru kwa Njenga, wako Mukuru kwa Reuben, wako Pipeline, wako Mlolongo. Sisi huku tukikosa, angalau kuna mti wa mbaazi, kuna kuku, kuna jirani mwenye kunde. Mjini kila kitu kina bei. Maji ni ya mtungi, unanunua. Makaa ni ya mkebe. Choo unalipia. Kabla mtu hajafikiria chakula, pesa imeshaguswa mara tatu.

Na watu wanaishi. Wanaishi kwa akili nyingi sana, na hiyo akili hatuisifu vya kutosha. Mafuta hayanunuliwi kwa chupa, yananunuliwa ya kupima, ya shilingi kumi, ya ishirini. Sukari inafungwa kwa karatasi ndogo ya chai moja. Unga unapimwa. Mwenye duka anaandika jina kwa kitabu, na deni la Jumatano linalipwa Jumamosi kama kibarua kimelipa. (Anayenunua kidogo kidogo hivi, ukipiga hesabu, mwisho wa mwezi amelipa zaidi ya tajiri aliyenunua jumla. Umaskini ni kitu ghali.) Nyama ni vichwa na miguu ya kuku, kwa kibanda cha kando ya barabara. Chai ni ya rangi. Mboga ni ile ambayo jina lake lenyewe ni mbinu ya kuishi: sukuma wiki. Chakula cha mchana kinangojewa mpaka saa kumi jioni, ili kiwe cha mchana na cha usiku pamoja, na watoto walale kabla tumbo halijaanza kuuliza tena. Wakizidiwa, mtoto mmoja anapandishwa basi pale Machakos Country Bus, anatumwa kwa susu.

Kuna baba pia. Yuko anayerudi saa nne za usiku makusudi, na hakuwa na kazi tangu saa nane. Anangoja watoto walale kwanza, wasione mikono yake.

Katika mbinu hizi zote, ya kwanza kabisa, kabla hata ya deni, ni mama kupunguza sahani yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu mitaa ya Korogocho na Viwandani, hapo Nairobi, ulikuta nyumba moja tu kati ya tano ilikuwa na uhakika wa chakula. Karibu nusu ya nyumba zote zilikuwa zimefika mahali ambapo wakubwa wana njaa na watoto pia wana njaa. Ukisoma hesabu hiyo kwa macho ya jikoni, maana yake ni kwamba kwa nyumba karibu nusu, "nimeshiba" ya mama ilikuwa imeshasemwa mpaka ikaisha nguvu. Alijinyima, na bado haikutosha.

Turudi kwa swali. Kutoka 1 inatuambia juu ya wakunga wawili wa Kiebrania, Shifra na Pua. Farao aliwaamuru waue watoto wa kiume. Hawakuua. Alipowauliza, walimjibu kwamba wanawake wa Kiebrania wana nguvu, wanazaa kabla mkunga hajafika. Na Maandiko yanasema Mungu aliwatendea mema. Rahabu naye aliwaficha wapelelezi akawaelekeza askari njia nyingine, na Yakobo 2:25 inamtaja kwa heshima. Wasomi wamebishana miaka mingi, kwamba Mungu alibariki kule kuogopa kwao na si yale maneno. Sawa. Lakini hata ukikubali hivyo, unaona kwamba Mungu hakuanza kwa kupima sentensi. Alianza kwa kutazama sentensi inamlinda nani na inamwumiza nani. Hata amri yenyewe, Kutoka 20:16, inakataza kumshuhudia jirani uongo. Inamtaja jirani. Kuna mtu anayeumizwa.

Mama anayesema "nimeshiba" amemwibia mtoto nini? Hajamwibia kitu. Mtoto wa miaka sita hana cha kumpa mama yake isipokuwa sahani yake mwenyewe, na ndiyo hiyo mama anaikataa. Wala sidhani ni udanganyifu kamili, kwa sababu mara nyingi mtoto anajua. Mnakumbuka Aprili 2020, wakati wa korona, habari ya mama mjane mmoja wa Mombasa ilivyozunguka nchi nzima. Alikuwa akifulia watu nguo. Vizuizi vilipokuja, watu wakaogopa kuingiza wageni nyumbani, kazi ikaisha. Akaweka mawe kwa sufuria, akawasha moto, watoto wakangoja chakula kiive mpaka usingizi uwachukue. Wakenya walilia, wakatuma pesa kwa simu. Lakini kuna kitu alisema mwenyewe ambacho wengi walikipita haraka. Alisema watoto walikuwa wameanza kumwambia wanajua anawadanganya.

Kumbe walijua. Kwa hiyo lile sufuria halikuwa tena uongo wa mtu mmoja kwa wengine. Ilikuwa familia nzima imekaa kuzunguka kitu ambacho wote wanakijua, na mama hana kingine cha kuwapa isipokuwa kuwaonyesha kwamba moto unawaka. Mimi siwezi kuliita hilo dhambi. Nimejaribu kulipima kwa mizani ya Augustino na mkono wangu unakataa.

Hapo hapo niseme jambo la pili, ambalo huenda halitapendwa. Sisi wahubiri tunampenda huyo mama kupita kiasi. Siku ya akina mama tunamtoa kama mfano, kanisa linapiga makofi, watu wanafuta machozi, wanaenda nyumbani. Mama anayenyonyesha akikosa chakula, mwili wake unalipa. Akiwa mjamzito, wawili wanalipa. Anaenda kufulia watu bila kitu tumboni, anapata kizunguzungu kwenye karai, na sisi tunaita hiyo sadaka. Si sadaka. Sadaka hutolewa na mtu mwenye uchaguzi. Yeye alichaguliwa na sufuria.

Sasa kuna "nimeshiba" nyingine, na hii ndiyo iliyonifanya niandike. Ni ile inayosemwa kwa simu.

Binti yuko Mukuru. Mwaitu yuko hapa Matinyani. Jumapili jioni wanapigiana. Mwaitu anauliza, "Mko salama? Mnakula?" Binti anajibu, "Tuko sawa mwaitu, tunakula vizuri. Na ninyi huko?" Mwaitu anasema, "Sisi huku hatuna shida, Mungu ni mwema." Wote wawili wamekunywa chai ya rangi usiku huo. Kila mmoja anamlinda mwenzake. Mwaitu akijua ukweli atauza mbuzi aliyebaki. Binti akijua ukweli atatuma ile pesa ya kodi. Ni upendo mtupu pande zote mbili, na matokeo yake ni kwamba watu wawili wanaopendana wanalala njaa kila mmoja peke yake.

Tulipita hapo si zamani. Kuanzia mvua za mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilikataa. Kitui ilikuwa kati ya kaunti zilizoumia. Na mwaka huo huo wa 2022, unga wa kilo mbili ulipita shilingi 200 madukani, mpaka mwezi wa Julai serikali ikatangaza ruzuku ili ushuke ufike 100. Yaani shamba lilikauka na duka likapanda bei kwa wakati mmoja. Lile gunia la ndengu na mahindi ambalo hupanda basi kwenda Nairobi halikuwa na kitu cha kubeba. Mfuko wa huku ulingojea wa kule, na wa kule ulingojea wa huku.

Ndiyo maana hapa naona tofauti kubwa na ile "nimeshiba" ya mezani. Mtoto mdogo hawezi kusaidia, kwa hiyo kumficha hakumnyimi mtu msaada. Lakini mtu mzima anayeweza kufanya kitu, hata kitu kidogo, ukimficha umemfungia mlango. Hajapewa nafasi ya kuomba na wewe kwa akili, wala ya kugawanya alicho nacho, wala ya kusema "basi mlete huyo mdogo huku mpaka shule zifunguliwe". Umeamua kwa niaba yake kwamba upendo wake hautoshi. Huo nao ni uzito. Siuiti wa motoni, lakini ni uzito.

Na wa tatu ndio unaotuhusu sisi kama kanisa. Dada anaingia Jumapili, amevaa vizuri, kitenge kimepigwa pasi. Anasalimiwa: "Bwana asifiwe! Uko sawa?" "Ameni, nimebarikiwa!" Akikosekana kwa chai ya baada ya ibada anasema, "Niko kwa maombi ya kufunga." Nani atamwuliza mtu wa kufunga? Amefunga Jumatatu, amefunga Jumatano, amefunga Alhamisi. Tunamwona wa kiroho sana. Kumbe unga uliisha Jumapili iliyopita. Tunajua wenyewe kwamba kufunga ni kuacha chakula kilichopo. Kisipokuwepo, jina lake ni njaa. Isaya 58 inapoeleza mfungo ambao Mungu anautaka, inataja kumgawia mwenye njaa mkate wako, na siku hizi tunaisoma sura hiyo kama mbinu ya kupata majibu ya maombi.

Kwa nini anaficha? Tuseme tu. Kwa sababu tumemfundisha kwamba kinywa kinaumba, na kwamba kusema "sina" ni kukiri upungufu. Kwa sababu mwaka jana fulani alisema ukweli kwa ushirika wa nyumbani, na kufikia Jumanne habari ilikuwa sokoni. Kwa sababu siku ya kugawa unga tuliwapanga mstari, tukawapiga picha wakipokea pakiti. Kwa sababu ushuhuda tunaoupa maikrofoni ni ule uliokwisha vizuri. Wa mtu aliye katikati hatuna nafasi yake kwenye ratiba.

Hebu mfungue 1 Wafalme 17. Yule mjane wa Sarepta alipoombwa mkate na Eliya hakujibu "nimebarikiwa". Alimwambia nabii wa Mungu waziwazi kwamba amebaki na konzi ya unga na mafuta kidogo, anaokota kuni apike, wale yeye na mwanawe, kisha wafe. Kama ni kukiri vibaya, hakuna kukiri kubaya kuliko huko! Na Eliya hakumkemea kwa maneno yake. Hakumwambia anaua imani ya mtoto. Alimwambia asiogope, na akaanzia pale pale kwa ule unga uliotajwa. Na katika 2 Wafalme 4, mjane mwingine anamlilia Elisha kwamba mwenye deni anakuja kuchukua wanawe. Elisha anamwuliza ana nini nyumbani. Hilo ni swali ambalo huwezi kulijibu kwa "ameni". Lazima utaje kitu, ama useme hakuna. Sisi maswali yetu ya mlangoni tumeyatengeneza hivi kwamba jibu limeshatolewa kabla mtu hajafungua kinywa.

Kwa hiyo huyo dada akisema yuko sawa na hayuko, mimi nasema uongo huo una wenyewe wawili. Mmoja aliusema. Mwingine aliutaka.

Kuna ndugu atanijibu kwa 2 Wathesalonike 3:10, kwamba asiyefanya kazi asile. Asome vizuri. Paulo anamtaja mtu asiyetaka kufanya kazi. Nenda Industrial Area saa kumi na mbili asubuhi uone watu waliosimama kwenye mageti ya viwanda wakingojea kuchaguliwa kwa kibarua cha siku. Wakihitajika ishirini, wamesimama mia. Hao themanini wanaorudi nyumbani hawakukosa kutaka. Mwingine atasema, si warudi mashambani basi? Warudi wapi, kwa misimu kama ile mitano?

Wazee wetu walikuwa na tabia ya kuipa kila njaa jina. Ile kubwa ya 1898 na 1899 waliiita Ngomanisye, kwa kuwa ilifika kila mahali. Na kuna moja ya miaka ya 80 ambayo wengine wenu mnaikumbuka, Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika. Pesa ilikuwa mkononi, chakula hakikuwepo pa kukinunua. Mjini leo mambo yamegeuka. Duka limejaa, mkono ndio mtupu. Amartya Sen, mchumi wa India, alionyesha katika kitabu chake cha 1981 kwamba watu wengi wamekufa njaa mahali ambapo chakula kilikuwepo, kwa sababu tu hawakuwa na njia ya kukifikia. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inahesabu kutokuwa na njaa kuwa haki ya kila mtu. Mtu akisema "nina njaa" hajaomba upendeleo, hata kwa sheria ya nchi.

Lakini wako watu watatudanganya, mtaniambia. Tukianza kuuliza nani hana chakula, atakuja na yule mwenye duka. Kweli, atakuja. Miaka yote wamekuja. Nauliza tu, mbona tunaogopa sana yule mmoja anayesema "nina njaa" akiwa ameshiba, na hatuwaogopi kumi wanaosema "nimeshiba" wakiwa na njaa? Wote wanasema uongo kwa kanisa. Wa kwanza anatugharimu pakiti mbili za unga. Hawa wengine hatujui wanatugharimu nini, kwa sababu wakizidiwa huwa hawasemi, huwa wanaacha tu kuja.

Kanisa la kwanza lilipata shida hii hii, Matendo 6. Wajane wa upande wa Wayahudi wa Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku ya chakula, na watu wao wakanung'unika. Walinung'unika, kanisani, juu ya chakula! Mitume hawakusema roho ya manung'uniko imeingia. Hawakuwatuma wajane kwanza wakafanye maombi ya siku tatu. Waliita mkutano, wakachagua watu saba wenye sifa njema wa kusimamia meza. Ukiyasoma majina ya hao saba, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, yote ni ya Kigiriki. Inaonekana meza walipewa wale wale ambao wajane wao walikuwa wamesahauliwa.

Nimejiuliza kwetu hiyo meza ingepewa nani. Kila mara kamati ya namna hii ikitajwa tunawafikiria wenye magari, kwa sababu ndio wa kubeba magunia. Mimi ningemtafuta kwanza mama aliyewahi kupika ugali wa watatu kwa watu watano. Huyo ukimwambia "nimeshiba" atakutazama kidogo, halafu ataenda kuleta sahani.